Dai Langu Juu ya Kigoda cha Ukweni

Leo nimejianika mwenyewe. Ukweni, mchana kweupe, kwa sauti yangu, tena nilikuwa nimevaa koti.

Nawaandikia ninyi wa kundi hili kabla Frenki hajawaandikia. Frenki alikuwapo. Frenki atatia chumvi, na kisa hiki kimeshakolea.

Kwa mlioongezwa humu karibuni na bado mnashangaa tunagombania nini: tunacheza gemu moja ya kompyuta. Unapewa ramani na nchi, unaiendesha kwa mamia ya miaka. Unaoza watoto, unatoza kodi, unapigana. Sharti ni moja: huvamii nchi ya mtu hivihivi. Lazima uwe na dai. Bibi yako alizaliwa kule, au babu yako aliwahi kutawala kule, au dola fulani imekufa na wewe unasema ndiye mrithi wake halali. Kama huna dai, unamtuma karani wako akalighushi. Anakaa huko muda, anarudi na hati, na dunia nzima inaiheshimu. (Ndiyo maana naipenda. Ni somo la uraia lisilo na unafiki.)

Msimamo wangu mnaujua, maana nimeuandika humu mpaka msimamizi akanifungia. Hakuna dai halali. Kuna madai yaliyoghushiwa jana, na kuna madai yaliyoghushiwa zamani sana kiasi kwamba aliyeghushi amesahaulika. Basi. Angalieni mkoa wetu. Mimi nimezaliwa hapahapa Babati, Babati ikiwa Arusha. Nikalala, nikaamka, niko Manyara. Sikuhama. Kitanda kilekile. Baba akamwita mchoraji abadilishe kibao cha duka, na historia ikaishia hapo. Leo nasikia watu stendi wanasema "sisi watu wa Manyara tangu enzi" kana kwamba Adamu alipofukuzwa bustanini alipitia Magugu.

Haya ndiyo mawazo niliyoondoka nayo nyumbani asubuhi. Yashikeni, mtayahitaji.

Leo ilikuwa siku ya kujibiwa posa.

Paulina wengi mnamjua, hata wale mnaojifanya hammjui. Kwao ni Sigino. Baba yake analima mbaazi na anafuga. Mimi ni Mpare wa mjini, mtoto wa duka la vipuri vya pikipiki, mwenye shahada ya sayansi ya siasa ambayo hadi leo imenisaidia kubishana na wateja. Posa ilipelekwa na kupokelewa. Kilichobaki ni neno la wazee wa ukoo. Na Paulina alishaniwekea wazi kitambo: "Wakikataa, mimi sitoroki na wewe. Sitaki ndoa ya kuruka ukuta. Kwa hiyo wewe nenda ukakae kimya."

Kukaa kimya ndiyo desturi yenyewe. Siku hiyo mwoaji haongei. Anaongea mshenga. Mwoaji anapelekwa kama gunia la mahindi: aonekane, apimwe kwa macho, arudishwe. Asubuhi Paulina alinitumia ujumbe wa kunikumbusha: "Leo hata wakisema jua linachomozea Singida, wewe itikia kwa kichwa."

Nikamjibu poa. (Nilimaanisha. Naapa nilimaanisha.)

Tulikwenda na bajaji. Mbele dereva, nyuma mshenga wetu, Baba Upendo, jirani yetu na shemasi kanisani, mtu ambaye ameshaoza nusu ya mtaa. Pembeni mimi. Pembeni yangu Frenki, amepakata kreti ya soda. Frenki ni mmoja wenu, anacheza gemu hii kuliko anavyofanya kazi, na alikuja kama rafiki wa mwoaji. Baba yangu alibaki dukani. Alisema presha yake haiwezi shughuli za namna hii, apigiwe simu tu.

"Elifuraha," Baba Upendo aliniambia njiani, "mimi kazi hii naijua. Wewe kazi yako ni kupumua."

"Sawa, Baba Upendo."

"Na usipumue kwa nguvu."

Tulipofika tulipokelewa vizuri. Sebule safi, vitambaa vyeupe kwenye makochi, chai ya maziwa kwenye chupa, na kuku mmoja aliyekuwa akiingia na kutoka kama mwenye nyumba. Nikaamkia watu wote mpaka koo likakauka. Baba Paulina akaitikia marahaba bila kunitazama. Pembeni yake alikaa dada yake mkubwa, Shangazi Rosalia, mwalimu mkuu mstaafu, miwani kwenye kamba shingoni. Na katikati, ingawa makochi yalikuwa na nafasi, mzee wao wa ukoo, Babu Bura, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu. Goti huku, goti kule, fimbo katikati.

Pazia la jikoni lilikuwa linatikisika. Nilijua nyuma yake yuko nani.

Baba Upendo alianza. Jamani, yule mzee anajua kusema. Aliongea habari za mbegu na shamba, za jirani kuomba moto, akanisifu mpaka nikaanza kujiuliza huyo kijana ni nani. Wazee wakaguna miguno ya kukubali. Baba Paulina akasema hana neno. Shangazi Rosalia akasema ana maneno ila atayasema baada ya harusi. Nikaona kabisa tumemaliza. Nikaanza kuwaza chakula.

Ndipo Babu Bura akagonga fimbo chini mara moja, taratibu.

"Jambo moja," akasema. "Huyu binti ametoka nyumba ya kigoda."

Ukoo wao una jina lake la kilugha. Siliandiki hapa. Nao wana kundi lao kama sisi, na leo yameshanitosha. Tuwaite tu Ukoo wa Kigoda. Kwa maelezo yao wao ndio waliokuwa watemi wa eneo lile lote, na kigoda alichokalia babu ndicho chenyewe. (Nilikiangalia. Kilikuwa na msumari. Msumari mpya, unang'aa. Nikajizuia. Mniandikie hiyo, niliwahi kujizuia.)

"Kwa hiyo," babu akaendelea, "anayeoa nyumba hii hukisalimia kigoda. Mbuzi mmoja."

Mbuzi mmoja. Sikilizeni hilo vizuri. Mbuzi mmoja tu.

"Tumepokea, babu," akasema Baba Upendo papo hapo, na tabasamu lote.

Yamekwisha, siyo? Yangekwisha. Lakini babu alikuwa amenogewa.

"Maana kigoda hiki," akasema akipapasa ukingo wake, "tangu kilipochongwa hakijawahi kutoka katika ukoo huu. Hata siku moja. Mtemi kwa mwanawe, na mwanawe kwa mwanawe."

Na hapo kitu kikaniwasha kichwani.

Niwaeleze kwa nini. Mnakumbuka lile toleo la gemu lililotengenezwa na wachezaji wa Dar, lenye tawala ndogondogo za kwetu? Kila utawala wameuwekea maelezo ya historia yake, waliyokusanya kwa wazee na vitabuni. Nilipolipakua, kitu cha kwanza nilibofya Sigino. Nikaukuta ukoo wa Paulina. Nikasoma kila kitu, kwa mapenzi kabisa. Na sasa nimekaa pale sebuleni, nakumbuka wazi nilichosoma. Naliona hadi andishi lenyewe, herufi za heshima ndani ya fremu ya kahawia: nasaba ya kiume ya Kigoda ilizimika, na kigoda kikahamia ukoo mwingine.

Kwa hiyo babu alikuwa anakosea. Mbele yangu. Na watu wanaitikia kwa vichwa.

Nikainua kidole, kama niko darasani.

Frenki akanikanyaga mguu. Nikadhani bahati mbaya.

"Samahani, babu," nikasema.

Vikombe vikasimama hewani. Hata kuku alisimama mlangoni.

"Kumbe mwoaji ana mdomo," akasema Shangazi Rosalia.

"Mwacheni," akasema Babu Bura. "Labda ana kiu."

"Hapana babu, sina kiu. Nina swali dogo tu la kihistoria."

Baba Upendo alifumba macho, kama abiria wa siti ya mbele basi linapolipita lori kwenye kona.

"Uliza," akasema babu.

"Tuna ushahidi gani kwamba kigoda hakijawahi kutoka katika ukoo?"

"Si nimekikalia?"

"Kukikalia si ushahidi, babu. Hata mimi nikikikalia..."

"Utakikalia?" akauliza Baba Paulina. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama usoni.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini ninyi mnajua mimi nikishaanza. Na nasema tena hapa, swali lilikuwa halali. Mtu akisema "tangu zamani", ulizeni tangu lini. Nchi hii ingekuwa mbali tukiuliza hivyo.

"Kwa kumbukumbu zilizopo," nikasema (nilisema hivyo kabisa, "kwa kumbukumbu zilizopo", na mkono mmoja kwenye kifungo cha koti), "nasaba ya kiume ya mtemi ilizimika. Kigoda kikachukuliwa na watu wengine, waliodai kwa upande wa bibi. Walitoka mashariki."

"Mashariki wapi?"

"Upareni."

Hapo ningepaswa kushtuka. Neno limetoka kinywani mwangu, nimelisikia kwa masikio yangu, na bado sikushtuka. Frenki alishtuka. Alinikanyaga mguu wa pili.

"Kwa hiyo," akasema Baba Paulina polepole, "kigoda hiki ni cha Wapare."

"Mimi sisemi hivyo, baba. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Ninayo hapa." Nikatoa simu.

"Eli," akasema Frenki, "simu yako haina chaji."

"Inayo."

"Hata mtandao huku hamna."

"Ni picha, haihitaji mtandao."

Pazia la jikoni lilikuwa limeacha kutikisika.

Nilizipekua picha mpaka nikaipata. Fremu ya kahawia, herufi za heshima, vilevile kama nilivyokumbuka. Furaha niliyoisikia pale sitaisahau, maana ilikuwa ya mwisho kwa leo. Nikampelekea Shangazi Rosalia simu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akavaa miwani. Akasoma kimya. Akasoma tena. Kisha akanirudishia.

"Soma wewe," akasema. "Sauti yako tumeshaizoea."

Nikasimama. (Ndiyo, nilisimama.) Nikasoma kwa sauti:

"'Mtemi wa Kigoda alifariki katika ajali ya kuwinda. Mwanawe wa kwanza alifariki katika ajali ya kuwinda. Mwanawe wa pili alikula uyoga. Nasaba ikazimika. Kwa haki ya bibi yake, kigoda kikatwaliwa na mfalme wa Upare, mshindi wa nyika, mpendwa wa watu, Elifuraha wa Kwanza.'"

Nikaishusha simu.

Wenzangu mnaocheza mmeshaelewa. Kwa msiocheza: gemu hii, pamoja na maelezo ya mwanzo yaliyoandikwa na watu, inaandika yenyewe tarihi ya kila unachofanya. Herufi zilezile. Fremu ileile. Mimi niliipiga picha ile wiki zilizopita nimringie Frenki, na kichwani mwangu ikajipanga pamoja na yale maelezo ya kweli. Sikuwa nakumbuka historia ya ukoo wa Paulina. Nilikuwa nakumbuka nilivyowamaliza.

"Elifuraha," akasema Shangazi Rosalia, "ni jina la kawaida huko kwenu?"

"La kawaida kiasi, shangazi."

"Hata hili la 'Mpendwa wa watu'?"

Frenki alikuwa anakohoa ndani ya chupa ya soda. Hakuwa na kikohozi.

Ikabidi nieleze. Niliwaeleza gemu yote, nimesimama palepale: ramani, ndoa, madai, karani wa kughushi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Baba Paulina aliuliza kama ni kamari. Nikasema siyo. Akauliza kama nalipwa. Nikasema silipwi. Akaitazama simu, akanitazama mimi, kisha akatazama nje zizini, kama mtu anayejihesabia hasara kimoyomoyo.

Lakini Babu Bura alikuwa ameinama mbele kwenye kigoda chake. Macho yanang'aa. Huyu mzee, nawaambia, mngempa kompyuta angetumaliza sote kundini.

"Katika mchezo huo," akauliza, "sisi tulikuwapo?"

"Mlikuwapo, babu."

"Tukiwa na kigoda?"

"Mkiwa na kigoda."

"Aa. Hata kompyuta inakijua." Akawageukia wenzake. Wakaguna. "Haya. Huyo mtemi wetu, ajali ya kuwinda ilimpataje?"

"Ilimpata tu, babu."

"Mjukuu wangu. Uko mbele ya wakwe."

"Niliipanga."

"Ulimuua."

"Ndani ya mchezo, babu."

"Na mwanawe wa kwanza, naye ni ajali?"

"Ileile, babu. Niliona imefanya kazi."

"Na uyoga?"

"Uyoga ulikuwa wangu."

Kutoka nyuma ya pazia nikasikia sauti kama ya mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Sikujua kama ni kilio au kicheko, na kwa kweli maisha yangu yote yalikuwa yanategemea jibu la swali hilo.

"Tutoke kidogo," akasema babu.

Wakatoka wote watatu, wakaenda kusimama kando ya zizi. Sisi tukabaki. Baba Upendo alikuwa bado amefumba macho.

"Baba Upendo," nikamwambia, "lakini swali langu la msingi bado halijajibiwa."

"Elifuraha," akasema bila kufumbua, "nimeoza watu wengi. Kuna mmoja alilewa. Kuna mmoja alikuwa na mke. Sijawahi kuleta aliyeua ukoo."

Walirudi wakiwa wamevaa nyuso za baraza. Babu akakaa kwenye kigoda.

"Tuna swali moja," akasema. "Hizo kumbukumbu zako, unazikubali au unazikataa?"

"Kivipi, babu?"

"Ukizikataa, basi kigoda hakijawahi kutoka kwetu, kama nilivyosema mimi. Unaomba radhi, unaleta mbuzi wa kigoda, tunakula, mambo yamekwisha. Ukizikubali, basi umemuua mtemi na wanawe, na kiti unacho wewe. Utatoa mtamba wa fidia, na kiti utarudisha. Chagua."

Mtego mzuri ulioje. Niliuona wote, pembe zote, nikabaki nausifia.

"Lakini babu," nikasema, "hunidai fidia ya mtu ambaye hakuwahi kuwapo."

"Nani amesema alikuwapo? Sisi tulikuwa tumekaa kimya. Wewe ndiye uliyesimama ukasoma."

"Eli," ikasema sauti ya Paulina nyuma ya pazia, "chagua basi. Chakula kinapoa."

Sasa nawaomba mnielewe. Njia rahisi ilikuwa wazi: zikatae kumbukumbu, mbuzi mmoja, wali, nyumbani. Frenki alikuwa ananikodolea macho: kataa, kataa. Baba Upendo alikuwa amefumbua macho, midomo inasema kataa. Lakini kukataa maana yake nini? Ni kukubali, mbele ya mashahidi, kwamba kigoda chenye msumari mpya hakijawahi kutoka katika ukoo tangu kilipochongwa. Bila ushahidi wowote. Kwa sababu tu mzee amesema. Mimi? Niliyekataa kuandika "tangu enzi" kwenye mtihani nikapoteza alama?

"Nazikubali," nikasema.

Baba Upendo alitoa pumzi ndefu, kama mpira wa baiskeli uliotoboka.

"Amekiri," akasema Babu Bura, kwa furaha isiyofichika. "Mtamba mmoja. Mbuzi wa kigoda palepale. Na kiti ukirudishe."

"Kiti si umekikalia, babu?"

"Hiki ni cha huku. Cha huko kwenye mchezo umekichukua wewe. Nenda ukamweke mtemi wa ukoo wetu, wa damu yetu. Rosalia ana simu kubwa, utamtumia picha. Tusipomwona mtemi leo, hatuna mwoaji."

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikamwonyesha msumari. Nikasema, kwa heshima zote babu, hiki kigoda chenyewe ni cha juzi.

"Ubao wa kukalia ulibadilishwa nikiwa kijana," akasema bila wasiwasi. "Miguu imebadilishwa kila ilipooza. Msumari nimepiga wiki hii, kwa ajili yako, nisije nikaanguka mbele ya wageni. Kigoda ni kilekile." Kisha akaniuliza, "Wewe umezaliwa mkoa gani?"

Nikafunga kifungo cha koti. Kuna maswali mtu anauliza huku ameshika kisu.

Chakula tulikula. Wali, nyama, mboga za mgagani. Shangazi Rosalia alipofika kwangu na bakuli akaniambia, "Kula kwa amani, mfalme. Hatujaweka uyoga."

Njiani nilimpigia baba.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Wamekubali, baba. Kwa masharti. Mbuzi mmoja na mtamba."

"Mtamba wa nini?"

"Wa fidia."

"Nani amekufa?"

"Mtemi, baba. Na watoto wake."

Akakata simu. Presha.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata koti. Nikafungua kompyuta, Frenki begani kwangu, jua bado linaupiga mlima Kwaraa. Nikatafuta pa kuurudisha utemi wa Kigoda. Nikapapata. Nikabofya.

Gemu ikakataa. "Hakuna mwenye dai halali aliye hai."

"Umewamaliza wote, ndugu yangu," akasema Frenki. "Ungebakisha hata mmoja."

Nilikaa nikaitazama ile sentensi. Mwenye dai halali. Mnajua nilichofanya? Hakukuwa na njia nyingine. Nilimwita karani wangu wa ikulu. Nikamtafutia kijana mmoja mchungaji aliyekuwa amejikalia zake kwenye kona ya ramani, hana baba, hana ukoo, hana habari. Nikamwagiza karani aghushi. Akaenda, akakaa, akarudi na hati: kijana huyu ni mjukuu wa mtemi, alifichwa porini kipindi cha uyoga. Nikampa jina la Bura. Nikamketisha kwenye kigoda. Picha, kwa Shangazi Rosalia.

Mimi, Elifuraha, nimekaa jioni ya leo nikighushi utemi wa wakwe zangu kwa mikono yangu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Someni tena mwanzo wa andishi hili. Madai yote yameghushiwa, na hili nina uhakika nalo kwa sababu karani nilimlipa mwenyewe.

Jibu la Shangazi Rosalia lilikuja haraka. Niwakumbushe kwamba sura za wachungaji katika gemu ile ni moja tu, wote wanafanana, ukimwona mmoja umewaona wote. Ameandika: "Tumemwona. Babu ametoa machozi. Amefanana kabisa na marehemu baba yetu."

Baada yake ukaja ujumbe wa Paulina: "Wamekubali. Harusi ni baada ya mbaazi. Babu anasema siku ile kanisani utasema neno moja tu, na yeye analijua." Halafu mwingine: "Nilikuwa nacheka, mjinga wewe. Nilikaribia kuanguka na sufuria."

Kwa hiyo sikilizeni. Sijashindwa. Nina mchumba. Hoja yangu imesimama. Na kisheria, mtu anapodai fidia kwa mfalme, ameshamtambua mfalme. Wazee wa Kigoda wamekaa leo barazani kwao wakamtambua Elifuraha wa Kwanza, na mtamba ndio uthibitisho. Yeyote mwenye ubishi aje tubishane, nimevaa koti bado.

Nilikuwa nataka kufunga kompyuta nikalale na ushindi wangu. Baragumu likalia. Fremu ya kahawia, herufi za heshima. Mtemi Bura wa Kigoda, kijana niliyemtoa porini kwa mkono wangu, ametangaza vita. Anautaka mji wangu mkuu, kwa haki ya bibi yake. Nikabofya kuangalia dai lake. Gemu inasema ni halali.

Frenki yuko sakafuni, hawezi kuongea, na simu yake iko mkononi.

Msinicheke. Niko vitani na ukweni.